Basoda Sita Juu ya Kitanda

Jumapili, 14 Septemba

Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke nyumbani Katana kuja kutafuta kazi hapa Goma. Mvua imerudi wiki hii. Ilinyesha wakati wa misa, padri akanyamaza katikati ya mahubiri kwa sababu kelele za mabati zilimshinda, nasi tukakaa tunatazamana mpaka ikapungua.

Ninaandika kwa sababu ya Gisèle, mke wangu. Kila Jumapili nikimpigia simu ananiuliza habari, nami namjibu hakuna habari. Juzi alichoka. "Basi andika hizo hakuna-habari zako," alisema. "Ukirudi nitazisoma mwenyewe." Yeye alifika sekondari, mimi niliishia darasa la tano. Atasahihisha.

Hakuna habari. Niko mzima. Namshukuru Mungu.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumeshusha lori zima, tukiwa wanne tu. Mgongo.

Jumatano, 17 Septemba

Kazi yangu ni kubeba balo. Balo ni mzigo wa vitu vilivyokwisha kutumiwa Ulaya, vikafungwa na kukazwa mpaka vikawa vigumu kama ukuta. Nyingi ni za nguo. Chache ni za vitu vya kuchezea watoto, na hizo ndizo ninazozingojea mimi. Zinatoka Kampala, zinavuka mpaka wa Bunagana, zinafika kwenye depo ya Papa Gauthier hapa Murara, na sisi tunazishusha.

Dereva wa safari hizi ni mtu wa Mombasa. Mara iliyopita, kwa kuwa anazunguka sana masoko ya Kampala, nilimwomba aniletee soda mkubwa, mwenye kusema. Kwetu soda ni askari, wakiwa wengi ni basoda, nami nilitaka wa kuchezea. Alinitazama kidogo, akasema sawa. Leo ameniletea chupa ya Fanta.

"Hii ndiyo kubwa kuliko zote," akasema.

"Na ya kusema iko wapi?"

Akafungua kifuniko, gesi ikatoka. "Si hiyo imesema?"

Tuliinywa wote tumekaa juu ya balo. Ni mtu mwema, na Fanta ilikuwa baridi.

Jumapili, 21 Septemba

Niandike hili la basoda leo, maana watu wananicheka nalo, na Gisèle hajalisikia lote.

Marehemu baba alikuwa mlinzi kwenye shamba la kinkina, ile miti ya dawa ya malaria, huko Katana. Bwana shamba alikuwa Mbelgiji mwenye mtoto mmoja. Walipoondoka kwa haraka, mwaka ule wa uporaji, waliacha vitu, na baba akaja nyumbani na soda wa plastiki, urefu wake kama rula ya shule. Alikuwa na kofia ya chuma, nguo za kitambaa kabisa, na viatu vya kuvua. Mgongoni alikuwa na kamba yenye pete. Ukiivuta na kuiachia, anasema Kifaransa: "Simama, nani anapita?" Ukivuta tena: "Mbele, nifuateni." Watoto wa kilima kizima walikuja kumsikiliza. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Sijawahi tena kuwa mkubwa namna ile.

Vita vya tisini na sita vilipofika tulikimbia. Nilikuwa na umri wa kutosha kubeba godoro, lakini si wa kutosha kumsimamisha baba njiani nimwambie nimesahau kitu.

Hapa Goma, mwaka jana, balo moja ilipasuka begani mwangu na akaanguka mmoja. Si yule wa kwetu, ni ndugu yake. Huyu ana kitufe kifuani na anatumia majiwe, yale ya radio, ambayo wengine wanaita betri. Charline, mama anayenunua balo za watoto na kuuza rejareja kando ya barabara, aliniona nilivyomshika. "Chukua, papa," akasema. "Ni nani atamununua, na hapa basoda wamejaa?" Tangu siku hiyo kila akipata mmoja ananiwekea. Sasa ninao watano. Wawili wanasema Kiingereza. Mmoja hasemi neno, anatoa mlio wa bunduki tu kama mtu mwenye kikohozi. Mmoja ni Mjerumani, sauti nzito. Wa tano hana mkono wa kushoto na anaongea polepole, kama mtu aliyeamshwa.

Basoda wa kweli nimewaona, wa nguo za kila rangi. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia sasa inatosha, nyamaza. Hawa nawanyamazisha kwa kidole kimoja. Nikirudi kutoka kazini, mgongo umekufa, nawasemesha mmoja mmoja, halafu nalala.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua. Balo za viatu, ambazo ndizo nzito kupita zote.

Jumatano, 1 Oktoba

Mama Apolline, mwenye nyumba wangu, hawataki. Ni mjane wa kutoka Butembo, anauza maharage na unga, na ua wake uko Katindo, si mbali na kambi ya jeshi. Vyumba vyake ni vya mbao, vimepangwa juu ya mawe ya volkeno. Kwa ukali wake ningesema yeye ndiye angekuwa soda.

"Papa Mwavita," aliniambia asubuhi, kwa jina la binti yangu wa kwanza, "ile sanamu yako imesema yenyewe. Ulikuwa umekwenda kazi. Nilikuwa napepeta maharage, nikasikia mwanaume analia mu chumba chako kwa luga ya Wazungu."

Nilimweleza kwamba ni unyevu. Mvua ikizidi, maji yanaingia kwenye kitufe, naye anaongea bila kuguswa.

"Unyevu haujuwe Kizungu," akasema.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama Apolline aliingia chumbani kwangu mchana na kuwanyunyizia maji ya baraka. Sasa wanaongea watatu.

Nimewatoa wote majiwe na kuyatia kwenye tochi. Wakae kimya mpaka kiangazi.

Jumapili, 5 Oktoba

Chumba cha pembeni kimepata mtu. Anaitwa Evariste, ni karani kwa wakala mmoja wa forodha. Shati jeupe, sabuni yake mwenyewe kwenye kisahani. Nilimsalimia akajibu huku akitazama geti. Kati yake na mimi kuna mbao tu, namsikia akifungua mkanda. Simpendi sana. Anafunga mlango kama mtu anayeficha dhahabu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nilirudi jioni nikakuta bati limetoboka juu ya kitanda changu, na basoda hawapo. Nilijua Mama Apolline amewatupa. Nikaenda mlangoni kwake nikiwa na maneno tayari mdomoni. Akafungua. Walikuwa kwenye kitanda chake, wamepangwa, wamefunikwa kwa kitenge.

"Walikuwa wanalowa," akasema. "Chukua batu bako, na kesho ulete mutu wa bati."

Maneno yangu nilirudi nayo chumbani.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana Charline alinipa wa sita. Mkubwa kuliko wote, ana ndevu na radio mgongoni. Leo nilimpigia Gisèle simu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, ilibidi nipaze sauti.

"Sasa basoda wangu ni sita," nilimwambia. "Huyu mpya ni komanda kabisa. Lakini amekataa kusema."

"Umempa majiwe?"

"Nilimupa majiwe jana mangaribi, nikamupa tena leo asubui. Nikamupiga mgongoni. Ananyamaza tu. Kesho nitamufungua kifua nione ndani."

"Polepole, usimwue."

"Akikufa, nitachukua mikono yake nimupe ule mwingine."

Gisèle alicheka sana. Ni vizuri kumsikia akicheka. Vocha ikaisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Nimemfungua kifua yule mkubwa. Waya umekatika. Nitatafuta mtu wa kuchomelea. Majiwe nimeyarudisha kwenye tochi.

Evariste hakujibu salamu leo. Alipita ukutani kama mimi ni moto.

Jumatatu, 20 Oktoba

Balo. Mvua. Niko mzima.

Jumapili, 26 Oktoba

Jana sikuweza kuandika. 

Jumamosi asubuhi kila mtu alikuwa nje kwa salongo, ile kazi ya usafi wa mtaa. Mimi nilikuwa nafukua mfereji, Mama Apolline anafagia, Evariste ameshika bidoni ya maji. Wakaingia watu wa doria, wengi, bunduki mkononi. Pamoja nao alikuwa muzee Munyakazi, mkuu wa nyumba kumi zetu, anatazama chini.

"Baharanyi ni nani?"

Nikasema ni mimi.

Mkubwa wao, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, akanisogelea. "Tumeambiwa unaficha basoda mu nyumba. Uko nao wangapi?"

Tangu mji ulipobadilisha wakubwa mwanzoni mwa mwaka, kila wiki wanatafuta basoda wa zamani waliojificha kwenye nyumba za watu. Hilo linajulikana na kila mtu. Lakini mimi, na koleo mkononi na jasho machoni, nilisikia neno nikajibu neno.

"Sita, komanda."

Nikasikia bunduki zikikokiwa. Majirani wakasogea mbali nami wote kwa pamoja.

"Sita," akasema. "Wako na silaha?"

"Ndiyo, komanda. Isipokuwa moja, hana mukono."

"Wako wapi sasa hivi?"

"Juu ya kitanda changu."

"Wamelala?"

"Wamesimama."

Hapo ndipo nilipoona uso wa Mama Apolline na nikaelewa nilichokuwa nasema. Nikajaribu kurudi nyuma, nikaeleza kwamba ni ya plastiki, ni ya watoto. Lakini nilikwisha kupigwa magotini, nimelala kifudifudi kwenye mawe, kiatu cha mtu kiko shingoni.

Waliingia chumbani na kupindua kila kitu. Wakatoka na basoda wangu sita, wakawapanga kwenye mawe mbele ya uso wangu. Nilifikiri sasa watacheka. Mkubwa hakucheka.

"Unatuona sisi watoto?" akasema. "Kuna mutu alikusikia. Unasema moja ni komanda. Anakataa kusema. Unamupa mawe mangaribi, unamupa mawe asubui, unamupiga. Unasema utamupasua kifua. Mutu anapasua pupe ya kuchezea watoto kifua? Hizi ni za kufunikia. Basoda wa kweli umewaweka wapi?"

"Majiwe ya radio, komanda. Majiwe ya kusemea. Hizi zinasema."

"Zinasema."

"Ndiyo."

"Basi ziseme."

Mtu mmoja akabonyeza kifua cha wa kwanza. Kimya. Cha pili, kimya. Cha Mjerumani, kimya. Majiwe yalikuwa kwenye tochi, nayo yaliisha nguvu juzi wakati umeme ulipokatika. Nilisema hivyo, na nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa nasikika kama mwongo.

"Musimamishe. Tunaenda naye."

Kila mtu hapa anajua kwenda nao ni kwenda wapi, na hakuna anayejua kurudi ni lini. Niliwaza watoto. Niliwaza Gisèle akingoja simu ya Jumapili na simu haiji. Wakanivuta kwa kola mpaka karibu na geti.

"Ngojeni."

Alikuwa Mama Apolline. Aliingia kwake akatoka na radio yake, ile anayosikilizia rozari, akaifungua mgongo mbele ya bunduki zote zile. Majiwe mawili yakamponyoka, yakaanguka. Akayaokota, akayafuta kwa kitenge.

"Mama, rudi nyuma."

"Baba, nirudi nyuma wapi, hii ni ua wangu. Mwezi muzima hii mijitu inanipigia kelele mu masikio. Leo ndiyo inyamaze? Hapana. Leo itasema."

Akampachika Mjerumani majiwe. Kimya. Aliyapachika kinyume. Akayatoa, akayageuza, akabonyeza kifua kwa kidole gumba kama anayekamua jipu.

Mjerumani akapiga kelele. Kijana mmoja wa doria akaruka nyuma na kuinua bunduki. Halafu wenzake wakaanza kumcheka, kwanza mmoja, baadaye wote. Mkubwa akamchukua Mjerumani, akambonyeza mwenyewe. Akambonyeza tena. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu mwingine kabisa, mtu mwenye nyumba mahali fulani.

"Anasema nini?"

Hakuna aliyejua. Kisha Evariste, bado ameshika bidoni, akasema kwa sauti ndogo: "Anasema simama, mikono juu."

"Kumbe hata kwao wanasema vilevile," akasema mkubwa.

Waliniachia. Waliwachukua watano. Yule asiye na mkono, mkubwa wao alimgeuza, akamweka chini. "Huyu ni mulemavu. Mwache apumzike." Mama Apolline aliwafuata mpaka getini akiulizia majiwe yake, wakamwambia watayarudisha. Hawajayarudisha.

Leo nilikwenda misa ya kwanza na ya pili. Sikuomba kitu. Nilishukuru tu, na nilipomaliza nilianza tena.

Jumatatu, 27 Oktoba

Niko mzima.

Jumanne, 28 Oktoba

Nilijua ni Mama Apolline aliyenishitaki kwa muzee Munyakazi. Ni nani mwingine aliyewachukia basoda? Lakini mtu akushitaki kisha akutolee majiwe ya radio yake? Hesabu hiyo haikukubali. Leo jioni imekubali.

Evariste alibisha. Alisimama mlangoni hakutaka kukaa.

"Papa Mwavita, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nilienda kwa nyumba kumi. Nilikusikia kwa simu. Nilisikia basoda, nikasikia kupiga, nikasikia kupasua kifua. Sikulala siku mbili."

Akanieleza. Mwezi wa pili, huko alikokuwa akikaa kwa mjomba wake, soda mmoja aliyekuwa anakimbia aliruka ukuta akajificha jikoni, wao wenyewe hawajui. Alipopatikana, walichukuliwa wanaume wote wa nyumba. Evariste alirudi. Mjomba hajarudi. Ndiyo maana alilitazama geti kila mara. Ndiyo maana alifunga mlango.

"Niliogopa, papa. Nilisema heri waje kwa sababu yangu kuliko waje wakinikuta nimenyamaza."

 Hasira niliitafuta, kwa kweli niliitafuta, maana ilikuwa haki yangu. Nikakumbuka nilivyokuwa nikipiga kelele siku ile ya mvua. Akikufa nitachukua mikono yake.

"Kama ningekuwa wewe," nilimwambia, "ningekwenda kwa nyumba kumi siku ileile, tena bila viatu."

Alicheka kidogo, halafu akalia. Nikampa kiti. Mama Apolline akaleta maharage bila kuuliza anayelia analia nini. Tulikula watatu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Papa Gauthier amesikia habari, ananiita "komanda" mbele ya wateja. Charline aliniletea majiwe mapya. Nikayapeleka kwa Mama Apolline, radio yake ikaamka.

Jumapili, 16 Novemba

Gisèle nilimweleza yote, kwa sauti ya chini. Alicheka mpaka kwenye "wamesimama". Baada ya hapo hakucheka.  Kisha akasema, "Kuja Noeli." Si swali. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 1 Desemba

Papa Gauthier ameniruhusu mpaka mwezi wa kwanza. Mvua haikunyesha.

Jumapili, 7 Desemba

Huyu mmoja aliyebaki nataka kwenda naye kwa watoto. Shida ni bandari, maana nitakwenda kwa meli. Mifuko inafunguliwa hapa na inafunguliwa tena Bukavu, na mtu mwenye soda kwenye mfuko ataulizwa. Sitaki kuulizwa tena neno hilo maisha yangu yote. Nilimwambia Mama Apolline kwamba nitamwachia yeye.

"Mimi? Aniangalie usiku muzima?" akasema. "Apana. Muite Evariste, ni yeye anajua karatasi."

Jumapili, 14 Desemba

Evariste ameandika karatasi kwenye mashine ya ofisini, ameitia namba juu kama za serikali. Aliisoma mbele yetu wote amesimama, kwa Kifaransa, halafu akaitafsiri:

"Sisi tunaotia sahihi hapa chini, wakazi wa ua wa Mama Apolline, tunashuhudia kwamba mtu aitwaye Baharanyi anasafiri na pupe mmoja wa plastiki, mwenye sura ya askari, asiye na mkono wa kushoto. Pupe huyo hajawahi kutumikia jeshi lolote. Hana silaha, hana mkubwa, na akitolewa majiwe hasemi. Karatasi hii imetolewa ili asaidiwe popote atakapopita."

"Ongeza amebarikiwa," akasema Mama Apolline. "Nilimunyunyizia mwenyewe."

Akaongeza. Mama Apolline alitia sahihi kwa herufi kubwa. Evariste alitia ya kikarani, yenye mikia. Muzee Munyakazi alikuja na muhuri wake kwenye mfuko wa nailoni, akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwa nguvu zake zote. "Mimi ndiye niliyewaleta siku ile," aliniambia. "Wacha leo nikusindikize." Majirani wawili waliosogea mbali nami asubuhi ile nao walitaka kutia sahihi. Karatasi ilijaa mpaka pembeni. Nimeikunja mara nne, naiweka pamoja na kitambulisho changu. Sijawahi kuwa na karatasi nzuri kama hii, na watu waliotia majina yao humo sitawasahau.

Meli ni Jumamosi tarehe 20, asubuhi. Nitalala Bukavu kwa shemeji. Gisèle, nitafika Katana Jumapili tarehe 21 Desemba, kabla ya misa ya pili. Nitakuwa na mtu asiye na mkono. Usiite majirani mpaka uwe umesoma karatasi.